Kuusoma upepo wa nyumbani kwako: mwongozo kwa wakazi wa uwanda wa Makonde, bonde la Lukuledi na pwani ya Lindi na Mtwara

Niliwahi kumaliza mfuko mzima wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kilo 25, asubuhi moja ya Julai, nikidhani ninaipulizia mikorosho. Usiku wake redio ilisema Lindi na Mtwara zitaamka na upepo hafifu, na redio haikukosea: pale Mtwara mjini bendera zililala mpaka saa nne. Lakini mikorosho yangu haiko Mtwara mjini. Iko Newala, mwendo wa dakika tano kutoka ukingo wa uwanda. Ilipofika saa mbili na nusu jua lilikuwa limeshaupiga ukuta wa genge, hewa ikaanza kupanda kutoka bonde la Ruvuma, ikalinyanyua lile vumbi la njano juu ya matawi na kulipeleka kwa jirani ambaye amepanda muhogo mtupu. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigogo anakunywa chai. Alisubiri nizime mashine, nifute macho, ndipo akasema, "Mjomba, leo umeupulizia mlima." (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, huku na huku.)

Tangu siku hiyo nina daftari la upepo. Haya ninayoandika yametoka kwenye daftari hilo, kwenye maneno ya mjomba, na kwenye ile fizikia ya sekondari ambayo wengi tulifundishwa bila kuonyeshwa mlima wowote. Utabiri husema upepo wa mkoa mzima. Kilima, bonde na jabali lililo karibu nawe ndivyo vinavyoamua upepo huo ukufikie na sura gani. Ukifuata hatua hizi kwa msimu mmoja wa kusi na mmoja wa kaskazi, utaweza kuisikia taarifa ya redio na kujiongezea mwenyewe ile sentensi iliyobaki.

Hatua ya kwanza: chora umbo la nchi yako

Chukua karatasi na kalamu ya risasi. Jiweke katikati, kisha chora kila kilicho juu yako na kila kilicho chini yako kwa umbali wa kilomita 20 hivi. Ramani ya simu yenye mistari ya mwinuko inasaidia, ila tembea pia. Simu haikuonyeshi ule mkondo mdogo nyuma ya nyumba ya shangazi ambao kila usiku hupitisha baridi.

Umbo la kusini mashariki yetu si gumu. Kutoka Mtwara ukielekea magharibi, ardhi inapanda taratibu, taratibu, kiasi kwamba ndani ya basi huhisi kitu. Uwanda wa Makonde umelala kama mlango uliobomoka upande mmoja: ukingo wa mashariki uko karibu na bahari, ukingo wa magharibi umenyanyuliwa. Newala iko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari. Halafu ghafla nchi inakatika. Simama Shimo la Mungu, pale ukingoni Newala, ndipo utaelewa: mbele yako ni genge, chini kabisa ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji.

Sasa panda basi la Lindi kwenda Masasi. Ukishapita Mnazi Mmoja unaingia bonde la Lukuledi. Kushoto kwako, mbali, ni uwanda wa Makonde. Kulia ni uwanda wa Rondo. Mtama, Nyangao na Ndanda ziko ndani ya ukumbi huo mrefu. Mwisho wake unakuta Masasi na majabali yake, vichwa vya mawe vilivyosimama peke yake kwenye nchi tambarare. Ukienda kaskazini kabisa ya mkoa wa Lindi, nyuma ya Kilwa, kuna vilima vya Umatumbi, na Kipatimu humo ndani.

Kwenye mchoro wako weka alama nne: upande unaotazama bahari, mstari wa bonde lililo karibu, pengo lolote kati ya vilima viwili, na mahali ardhi inapobadilika kutoka mchanga kwenda mwamba au msitu. Hiyo ya mwisho watu huidharau. Mchanga mkavu hupata joto haraka asubuhi na kulipoteza haraka usiku. Msitu huchelewa yote mawili. Jabali hushika joto mpaka usiku wa manane. Kwenye uwanda wetu mchanga huo una kisa kingine tena: mvua inanyesha juu, mchanga unaimeza, na maji yanatokea kwenye chemchemi za miguuni mwa uwanda kama zile za Ndanda. Ndiyo maana mama zetu walishuka genge na ndoo kwa vizazi na vizazi, ilhali mvua inanyesha juu ya mapaa yao.

Hatua ya pili: jua upepo mkubwa unatoka wapi

Kilima peke yake hakina upepo. Kinaugeuza tu ule uliokuja. Kwa hiyo kabla ya kukilaumu kilima, jua mwezi.

Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, ukitokea kusini na kusini mashariki, na Juni mpaka Agosti ndiyo nguvu yake. Kaskazi hushika kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, ukitokea kaskazini mashariki, na ndio unaoandamana na mvua zetu. Katikati kuna tanga mbili, pepo zisizo na msimamo, na matlai, upepo wa mashariki ambao wavuvi huupenda kwa upole wake.

Baada ya hapo, azima maneno ya manahodha. Upande wa chombo unaopigwa na upepo ni goshini. Upande wa pili, uliojificha, ni demani. Kilima nacho ni chombo. Kina goshini yake na demani yake, na pande hizo hubadilishana kila msimu unapogeuka. Nyumba iliyojificha vizuri Julai inaweza kuwa uso kwa uso na upepo Januari. Nimeona watu wakinunua kiwanja mwezi wa saba, wakakisifu kwa utulivu, na mwezi wa kwanza wanatafuta fundi wa kurudishia mabati.

Andika kwenye mchoro G ya kusi, D ya kusi, G ya kaskazi, D ya kaskazi.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya wingu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo siri nyingi za Newala na Rondo zilipo.

Hewa ikipanda hupanuka, na ikipanuka hupoa. Ikiwa haijatoa wingu, hupoa kama nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100. Ikishaanza kutoa wingu, mvuke unaogeuka maji hurudisha joto kidogo, basi kupoa kunapungua mpaka karibu nusu nyuzi kwa mita 100. Ikishuka bila wingu, hupata joto kwa kasi ile ile ya mwanzo, nyuzi 1 kwa mita 100. Hayo matatu yakikukaa kichwani umemaliza nusu ya somo.

Unahitaji namba mbili: joto la hewa kule pwani, na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa mpaka kulifikia huanza kutona. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu huonyesha zote mbili. Toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 125. Jibu ni mita ambazo hewa lazima ipande ili wingu lianze.

Chukua mfano. Alfajiri ya Julai, Mtwara kuna nyuzi 21 na kiwango cha umande ni 18. Tofauti ni 3. Mara 125 ni 375. Kwa hiyo hewa hiyo ikisukumwa na kusi juu ya ule mteremko mpole wa uwanda, itaanza kutoa wingu ikifika mita 375 hivi. Newala iko mita 700. Maana yake nini? Mtu wa Mtwara anaangalia juu anaona mawingu mepesi ya chini, anasema leo kuna kiwingu kidogo. Mtu wa Newala yumo ndani ya kiwingu hicho, ameshika tochi, anatafuta mlango wa jiko. Ni kitu kimoja kilichoonwa na watu wawili.

Mchana huo huo, Mtwara imefika nyuzi 27 na kiwango cha umande ni 19. Tofauti 8, mara 125, mita 1,000. Wingu limepaa juu ya vichwa vya watu wa Newala na jua limetoka. Ndiyo sababu ukungu wetu huondoka mchana bila mvua kunyesha: kitako chake kimenyanyuliwa tu.

Kinyume chake kiko demani. Hewa ikishatoa manyunyu yake juu, ikavuka na kushuka upande wa pili, inashuka kavu na kupata joto njiani. Tuseme imepanda kutoka baharini ikiwa nyuzi 24, wingu likaanza mita 400 ikiwa 20, ikafika mita 700 ikiwa na nyuzi 18 na nusu. Ikidondosha maji yake huko juu na kushuka kwenye bonde lililo mita 150, inapata nyuzi 5 na nusu: inafika na 24, wakati hewa isiyotoa maji ingekuwa na 22 na nusu kwenye kimo hicho. Tofauti ya nyuzi moja na nusu inaonekana ndogo mpaka utakapoanika kitu. Hewa hiyo ina kiu. Unapanda gari kutoka juu umevaa sweta, unashuka bondeni unalivua.

Angalia kofia ya mawingu juu ya Rondo. Kofia iliyokaa pale pale huku upepo unavuma inakuambia hewa inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Wingu linazaliwa goshini na kufa demani, ndiyo maana linaonekana limesimama. Likianza kuvimba juu kama kichuguu, hasa Januari mchana, hilo ni jambo lingine, nalo linakuja.

Hatua ya nne: upepo wa saa ishirini na nne

Juu ya upepo wa msimu kuna upepo wa kila siku. Pwani wanaujua: usiku na alfajiri hewa hutoka bara kwenda baharini, ndio ule upepo wa umande unaotoa ngalawa; kuanzia saa nne au tano asubuhi upepo wa bahari huingia. Ardhi imepata joto, hewa yake imepaa, bahari inaleta ya kujaza nafasi.

Milima hufanya vivyo hivyo bila bahari. Jua likipiga mteremko, hewa iliyougusa hupata joto kuliko hewa ya kimo hicho hicho iliyo mbali na mteremko, inapanda. Mteremko unaotazama mashariki huanza mapema, ule wa magharibi huchelewa mpaka mchana. Jua likizama mambo hugeuka: ngozi ya ardhi inapoa, hewa iliyoigusa inakuwa nzito, inateremka. Hii ya usiku husahaulika kwa sababu haina kelele. Inatiririka kama maji, kina chake mara nyingine hakifiki paa la nyumba, na huzuiliwa na kitu kidogo tu, ua wa miti, tuta, au ukuta wa matofali.

Kuiona, fanya alichonifanyisha mjomba. Amka saa kumi na moja alfajiri siku isiyo na upepo wa msimu. Washa moto mdogo wa majani mabichi kwenye kigae, uweke chini kabisa, si mezani. Chutama. Moshi utapanda kiasi cha magoti, utasita kama mtu aliyesahau kitu, halafu utajilaza na kuanza kutembea. Ufuate kwa miguu. Kwangu unapita kati ya choo na zizi la mbuzi, unashika njia ya ng'ombe, unamwagika ukingoni. Njia hiyo ndiyo mto wa baridi wa shamba lako. Ukiwa na mahali pa bonde ambapo moshi unafika na kukaa bila kutoka, hapo ndipo bwawa la baridi: ukungu mzito, umande mwingi, na asubuhi inayochelewa. Kutoka Shimo la Mungu asubuhi nyingine za mwezi wa sita unaona bwawa hilo kwa macho: bonde la Ruvuma limejaa weupe hadi ukingoni na wewe uko juani.

Kati ya upepo wa kushuka na wa kupanda kuna dakika za utulivu. Kwangu Julai ni kama saa kumi na mbili hadi saa mbili kasoro. Kwako zitakuwa zako. Hizo ndizo nilizozikosa siku ya salfa.

Masasi ina tabia yake. Majabali yale hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, hivyo nyumba iliyoegemea mwamba hubaki na vuguvugu wakati tambarare imeshapoa. Mchana mwamba huo huo unavuta hewa juu kwa nguvu, na vumbi la miguuni mwake huinuka kuwa chamchela. Watoto huzikimbilia. Mwenye duka la vitambaa hazipendi.

Hatua ya tano: tafuta vichochoro na vichwa

Maji ya bomba ukiyabana kwa kidole hutoka kwa kasi. Hewa ni vivyo hivyo. Bonde la Lukuledi limefunguka kuelekea ghuba ya Lindi, na kaskazi likiingia mdomoni hapo hubanwa kati ya uwanda na Rondo. Upepo wa bahari nao hutumia mlango huo huo, na ukiwa bara unakufikia jioni jioni, umechoka lakini una baridi. Vipengo vidogo kati ya vilima viwili hufanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi kuliko mabonde makubwa. Usijenge banda la mabati kwenye mdomo wa pengo.

Kichwa cha kilima ni hatari zaidi ya watu wanavyodhani. Upepo ukipanda mteremko hubanwa na hewa iliyo juu yake, na pale kileleni unaweza kufika mara moja na nusu ya kasi yake ya tambarare. Nguvu ya upepo kwenye ukuta haiongezeki sawa na kasi, inafuata kasi mara kasi. Moja na nusu mara moja na nusu ni 2.25. Paa linalosukumwa kwa nguvu moja pale chini linasukumwa kwa zaidi ya mbili pale juu, kwa upepo ule ule uliotajwa redioni.

Na demani si salama moja kwa moja. Nyuma ya genge kali au jabali hewa haitulii, inajikunja. Utasikia kimya, kisha kofi kutoka upande usioutegemea, kisha kimya tena. Ua wa miti wenye upenyo, mikorosho au michongoma, hukupa kinga mpaka umbali wa kama mara kumi ya urefu wake. Ukuta mzito kama jabali hukupa kinga fupi na vurugu nyuma yake. Wavuvi wa Lindi wanajua dharuba zinazoanguka majini upepo wa kusi unapovuka vilima vya upande wa Kitunda: uso wa maji unasinyaa ghafla kiraka kimoja, cheusi, kinakujia. Ukikiona kiraka hicho, legeza demani, yaani kamba ya tanga, kabla hakijakufikia. Ndani ya ghuba ya Mikindani maji yametulia kiasi cha kumdanganya mgeni. Vilima vinakinga, lakini vinapokohoa vinakohoa bila taarifa.

Hatua ya sita: daftari

Vifaa: kipande cha kanga kuukuu chenye upana wa vidole viwili, kimefungwa kwenye mti wa mita tatu mahali pa wazi, kipimajoto kivulini, na kipimamvua cha kujitengenezea. Mwingine afunge kanga ya pili penye mkondo wa moshi. Ndugu yangu anatumia mfuko wa plastiki, siupendi, unapiga kelele na hautaki kuelekeza vizuri.

Kipimamvua: chukua faneli ya duara yenye kipenyo cha sentimita 16, iweke kwenye chupa. Eneo la mdomo wake ni sentimita za mraba 201, kwa hiyo kila mililita 20 zilizokusanyika ni milimita 1 ya mvua. Pima kwa bomba la sindano. Kiweke mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake, la sivyo unapima kivuli cha mkorosho. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba ya paa lako, hesabu inayofaa pia kwa mwenye simtanki.

Upepo pima kwa macho. Moshi unapinda lakini majani hayatikisiki: hafifu. Majani yanachezacheza: kilomita 6 mpaka 11 kwa saa. Vijiti vidogo vinatikisika bila kupumzika na kanga imenyooka: 12 mpaka 19. Vumbi na karatasi zinaruka: 20 mpaka 28. Miti midogo inayumba: zaidi ya hapo, na kazi ya leo ibadilike.

Andika mara tatu kwa siku: alfajiri, saa saba mchana, na baada ya magharibi. Mstari mmoja tu. Wengi huacha wiki ya tatu kwa sababu walianza na jedwali la safu kumi na mbili.

Usiazime namba za mwenzako. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulituachia bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea iliyokuja kung'olewa. Mojawapo ya mambo yaliyouangusha ni mvua ambayo haikuja kama karatasi za ofisini zilivyosema.

Hatua ya saba: weka kazini

Salfa. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, hupenda ubaridi na unyevu hewani, nao hauhitaji jani lilowe. Kwa hiyo mikorosho iliyo kwenye bwawa la baridi na ile iliyosongamana bila kupogolewa ndiyo ya kukaguliwa kwanza, machipukizi na maua yanapotoka. Kiasi na ratiba fuata maelekezo ya bwana shamba au wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Mimi nazungumzia saa. Puliza wakati umande ungali kwenye majani ili vumbi lishike, ndani ya zile dakika za utulivu ulizozipata kwa moshi. Anza na miti iliyo upande wa mashariki wa mteremko, kwa sababu huko ndiko hewa itakakoanza kupanda mapema. Kanga ikianza kuinuka, zima mashine hata kama mfuko haujaisha. Vaa barakoa na miwani. Macho yangu ya siku ile sitaki uyapate.

Kuanika korosho. Mavuno ya Oktoba na Novemba yanakutana na mwisho wa ukavu na mwanzo wa kaskazi. Anika penye jua la asubuhi na upepo wa kupanda, mteremko unaotazama mashariki au kaskazini mashariki, juu ya turubai lililoinuliwa kwa vichanja. Kabla jua halijazama kusanya na kufunika. Ile hewa nzito ya usiku ikitua juu ya korosho inarudisha unyevu uliotoka mchana. Aliye bondeni na asubirie ukungu uondoke, asianike saa moja ati kwa kuwahi.

Nyumba. Rudi nyuma kutoka ukingo wa genge. Mtazamo ni mzuri, upepo ni mbaya. Upande mfupi wa paa, si ubavu mrefu, utazame goshini ya msimu wenye nguvu mahali pako. Paa la migongo minne hustahimili kuliko la migongo miwili. Mwambie fundi afunge kenchi kwenye linta kwa nondo au waya mzito, asitegemee misumari pekee, na mabati ya kingoni yapigwe misumari kwa ukaribu, maana upepo hulinyanyua paa kuanzia pembeni. Jiko la kuni likae demani ya nyumba katika misimu yote miwili ikiwezekana. Isipowezekana, chagua kusi, ndio msimu wa kukaa ndani.

Radi za masika. Kati ya Desemba na Machi, lile wingu la Rondo au la juu ya majabali likianza kuvimba kabla ya saa saba, hewa ya bonde na ya bahari zinakutana juu ya mwinuko. Toka kwenye vichwa vya vilima, usikae chini ya mkorosho uliosimama peke yake. Pwani hiyo hiyo mara nyingi mvua yake huja usiku wa manane au alfajiri, upepo wa nchi kavu unapokutana na hewa ya baharini. Ndiyo maana mtu wa Mtwara na wa Masasi hawakubaliani mvua hunyesha saa ngapi.

Vimbunga vya baharini

Tuko karibu na nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo vimbunga vinatupita mara nyingi, lakini si mara zote. Aprili 1952 kimoja kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilitua Cabo Delgado, jirani kabisa, na Mtwara ikakaa macho. Mei 2024 Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia, na mvua yake ikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, ifuate. Hapa nyongeza tu ya kienyeji. Upande wetu wa dunia kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Ukiupa upepo mgongo, kitovu chake kiko mkono wako wa kulia. Kipimo hiki kifanye ufukweni au uwanjani penye wazi, kamwe usikifanye ndani ya bonde, kwa maana bonde la Lukuledi litakuelekeza upepo ulikobanwa, si ulikotoka. Ukiwa juu ya uwanda, ogopa upepo: funga mabati, shusha chochote kilicho kileleni, lala demani ya nyumba. Ukiwa bondeni, upepo utakupungukia, ila kila mteremko unaouona ukiinua kichwa unakamua mawingu yale na kuteremsha maji yake kwako, pengine usiku, pengine kesho yake jua likiwa limeshatoka. Mtu wa Mtama asipime hatari kwa chupa iliyo uani kwake. Ampigie simu aliye Rondo, amuulize faneli imejaa mara ngapi.